Mlango wa Nyumba ya Zamani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha. Kazini bado nawalea panya wa maabara, na mtafiti wetu hakomi kuniita Mama Panya.

Mwezi huu tunawafundisha kutafuta maji. Kwanza tunayaweka kushoto, wakishazoea tunayahamishia kulia. Panya wazima hubadili njia upesi. Wale waliopunguziwa dopamini, ile kemikali ya ubongo inayowashtua kwamba mambo si kama walivyotarajia, hurudi kushoto kutwa nzima, wakilamba bomba kavu. Nawaonea huruma.

Sikutaka kukuandikia habari za baba. Ule mtetemeko wa mikono, daktari anasema ni upungufu wa dopamini hiyo hiyo. Tangu tuhame, kila asubuhi alikuwa akitoroka kwenda nyumba yetu ya zamani. Nilijiambia ni ubongo tu, kama panya wangu. Jumanne wapangaji wapya walimdhania mwizi, wakampiga. Amevunjika nyonga.

Nilimfokea palepale wodini: "Baba, tulishahama! Huelewi?"

"Naelewa, mwanangu," akanijibu taratibu. "Lakini nilipomfukuza kaka yako, ndiyo nyumba aliyoiacha. Akirudi, atabisha hodi wapi?"

Nilitoka nje ya wodi nikalia.

Kaka, najua alivyokuumiza, wala sikulazimishi. Daktari hadhani kama baba atamaliza mwezi. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Yeye hawezi tena kwenda kukungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba