Mkanda wa Gari ya Nassor

Ijumaa, 9 Januari

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali: leo, baada ya chakula cha mchana kwa mama, nimethibitishwa kuwa bingwa wa injini wa ukoo wetu. Aliyenithibitisha ni mimi. Kutajwa tu gari ya Nassor, mdogo wangu, kulinitosha. Nikaanza. Injini za aina ya gari yake ni ukoo mmoja, zote silinda nne. Ya kwanza, bloku ya chuma na mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali. Ya pili, kichwa cha aluminiamu, mkanda ule ule. Ya tatu, mkanda ukatolewa, ikatiwa cheni. Yako ni ya tatu, nikamwambia, cheni haibadilishwi, lala usingizi. Nassor macho kwenye mpira wa televisheni, lakini aliitikia kwa kichwa.

Haya sikuyasomea popote. Nimeyapata kwenye simu, jikoni, wali ukiiva.

Jumanne, 13 Januari

Gari imezimika njia ya Qurayyat. Salma, mke wa Nassor, alikuwa ndani na watoto. Wazima, alhamdulillahi. Imevutwa mpaka gereji kwa Bashiri, fundi wetu. Kafungua. Mkanda umekatika, vali zimepinda.

Mkanda.

Nimesoma tena. Kiwanda kilipoanza kutia cheni, injini ya pili bado ilikuwa inatengenezwa, na nyingine zikatiwa kwenye bodi mpya. Mimi niliangalia bodi, kumbe ndani yake ni injini ya pili. Nna ami, ndugu wa baba, mdogo kuliko mimi. Nilipaswa kujua kwamba koo haziendi kwa foleni.

Nami ndiye niliyemwambia alale usingizi.

Alkhamisi, 15 Januari

Kwa mama. Nassor kasema Bashiri hakumwambia kitu kuhusu mkanda. Mama kasema fundi huyo asiguse tena gari ya mtu wa nyumba hii. Bashiri ametutengenezea gari tangu baba yuko hai.

Mimi nilikuwa namimina kahawa. Sikumwaga hata tone. Mnafiki mwenye mkono thabiti.

Ijumaa, 16 Januari

Sikulala vizuri. Baada ya sala nimemwita Nassor uani, nikayatoa yote. Mimi ndiye niliyesema cheni. Bashiri hana kosa. Nitawaambia wote. Nilikuwa nimejiandaa hata kulia kidogo.

"Lini uliniambia, Da Zuwena?"

"Ijumaa ile. Ukaniitikia kwa kichwa."

"Nlikuwa natazama mpira."

Nikamuuliza, basi nani alikwambia usibadilishe? Akaangalia viatu vyake.

"Hapana mtu. Bashiri kaniambia nibadilishe, mara mbili. Uvivu tu. Usimwambie mama."

Nikasema atamwambia mwenyewe. Nikasimama mlangoni mpaka akamwambia. Mama hakupandisha sauti. Kampa simu tu, ampigie Bashiri amtake radhi, sote tukisikia.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake, pale uani, kwa muda nilisikitika kwamba kosa si langu, kwamba hata hakunisikia. Hii ndiyo aibu yenyewe. Ile ya mkanda ilikuwa nafuu.

Ijumaa, 23 Januari

Samaki kutoka pwani ya Sidab, wali, achari ya embe. Bashiri kafunga vali mpya na mkanda mpya, gari inatembea. Salma anataka gari yake mwenyewe, ndogo, silinda nne. Kauliza mbele ya watu wote injini ipi ni nzuri. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nikaweka kikombe chini.

Wamempigia Bashiri.