Kwa Fundi Breki, Aliyefuma Sweta Lile Lile Kila Mwaka

Mwaka umetimia, Baba, tangu alasiri ile ulipoweka sindano zako za kufumia juu ya redio ukasema, "Nanyoosha mgongo kidogo." Hukuamka. Nyumba bado inakusubiri umalize kupumzika.

Mtaani walikuita Fundi Breki. Magari yaliyoshindikana kwingine yalisimama kwa mkono wako. Sisi tulikujua ukirudi kutoka gereji, ukisugua vidole kwa sabuni na vumbi la mbao mpaka grisi itoke kwenye kucha, ndipo uguse uzi. Ulianza kufuma Mama alipovunjika mkono, sweta la kitinda mimba aliyekuwa tumboni likiwa nusu. Ukalimalizia wewe, na hukuacha tena.

Walikucheka, na hatulifichi. Mdogo wako ndiye aliyeongoza, siku ulipofumia gereji saa ya mapumziko. "Kaka, ukimaliza hilo, lifumie na lori langu!"

"Lete vipimo," ukamjibu bila kuinua macho.

Gereji nzima ikaangua kicheko, nawe ukaendelea kuhesabu vitanzi. Hukuwa na haja ya kumthibitishia mtu kwamba wewe ni mwanamume.

Sweta lilikuwa hilo hilo moja. Kila mara kitinda mimba huyo alipolizidi, ulilifumua lote, ukaufua uzi, ukauning'iniza na nati ya gurudumu ili unyooke, ukafuma upya, kubwa zaidi, na rangi mpya chini. "Sweta halizeeki," ulimwambia. "Ni wewe tu unayekimbia."

Mwaka huu mikono ya sweta iliishia kwenye viwiko vyake. Mama akalikunja, akaliweka kabatini. "Hakuna atakayefumua kazi ya mume wangu. Nikilifumua, nabaki na nini?"

Tukanunua la dukani.

Juma lililopita Mama aliingia chumbani akamkuta mtoto mbele ya kabati, amejibana ndani ya sweta lako, mabega juu, pumzi ameizuia.

"Bado linanitosha, Mama. Ona."

Mama alikaa kitandani akalia kama siku ile ya kwanza. Kisha akamvua taratibu, akapapasa chini ya kwapa la kushoto, pale ulipozoea kuficha fundo la mwisho, akalikata.

Baba mdogo alinyoosha mikono ili uzi uzungushwe hapo. Ndiyo, yule yule wa lori. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na mikono imefungwa, hakuweza kuyafuta.

Uzi ulitoka umejikunja, kitanzi kwa kitanzi, kama ulivyouacha. Tukaleta beseni la maji na nati yako.

"Msiuloweshe," Mama akasema. "Mikunjo hii ni ya mkono wake."

Kwa hiyo sweta jipya lina matuta, Baba, na bega moja limepanda. Ungelicheka. Chini lina buluu ya ovaroli yako. Mikono tumeiacha mirefu, kama ulivyopenda, apate pa kukulia. Amelivaa leo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado analala upande wake tu wa kitanda. Na wanao wote, hasa huyu mdogo anayenuka sufu yako. Na mdogo wako, anayejifunza kufuma na kutukana sindano. Na mafundi wenzako wa gereji, ambao siku hizi hawacheki.

Mtoto atakua tena, na sisi tutafumua tena na kufuma. Kila baridi ikiingia, Baba, utatajwa katika nyumba hii.