Tiketi ya Kumi

Biryogo, Nyarugenge,
Kigali.
4 Januari 2026

Mpendwa kaka yangu Mugenzi,

Asalaam aleikum. Habari ya mgongo kwanza, maana ndio ulionisumbua moyo tangu tulipoongea. Bado unauma ukiinua maboksi, au umetulia? Na lile koti zito ulilopewa na rafiki yako Mkongo bado linafunga vifungo, au tumbo limelishinda? Mama amesimama nyuma yangu anataka niandike kwamba uoge maji ya moto na usilale njaa. Nimeandika, sasa amekwenda kukaa.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Magoti ya Mama yanagoma asubuhi kukiwa na baridi, ila jua likipanda anatembea kunishinda mimi. Mume wangu Munyakazi ni mzima na kibanda chake cha vipuri kinakwenda. Mdogo wetu Manzi na mkewe Christella nao wazima, na binti yao Umutoni ameota meno ya mbele, picha zake sasa anacheka waziwazi. Wanangu wamenenepa kwa likizo, na mwenye kulipia unene huo ni mimi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Ni amri ya Mama. Kuna kitu anataka ukishike kwa mkono wako, na Alida, binti wa majirani zetu wa karibu na msikiti, anarudi masomoni huko huko Liège wiki hii. Tafadhali usianze kuikung'uta bahasha. Nakujua. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nianze na lile la Oktoba. Uliposema kwamba ghalani wamekupunguzia kazi, na kwamba safari yako ya kuja Desemba umeivunja, hatukukuuliza mengi. Ulimwambia Mama, "Nitakuja vipi mikono mitupu?" Halafu simu ikakatika, au uliikata wewe, sijui. Mama aliiweka juu ya cherehani yangu akaenda kuchambua mchele. Tangu siku hiyo hakumwuliza tena mtu habari za ndege, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Watoto hawana staha ya namna hiyo. Uliwaahidi kwamba ukija utawapeleka kwenye ile bustani ya michezo iliyojengwa upande wa Kabuga, yenye gurudumu refu la kupandisha watu hewani. Walishagombana na kupatana nani atakaa pembeni yako. Basi jioni moja tukila, Shami wangu, unaujua ulimi wake, akauliza kama mjomba ni mwongo.

Munyakazi alitaka kumfokea, Mama akamzuia kwa mkono. Akasema, "Mtoto wangu hasemagi uongo. Ile ahadi yake, tutalipa sisi." Akaendelea kula. Kwa hiyo ujue, kaka, safari ninayokusimulia hapa ilikuwa yako. Sisi tulikuwa wachukuzi tu.

Tulijibana, sitaki kukuficha, na ninalisema kwa kiburi. Munyakazi aliacha kwenda kutazama mpira kwenye banda. Manzi aliacha mishikaki yake ya jioni, na wewe unajua Manzi na mishikaki. Christella, ambaye yuko mapokezi kwenye ofisi moja kule Kimihurura, aliacha pikipiki akawa anapanda basi na kumalizia mlima kwa miguu. Hata Umutoni alisema viatu vya sikukuu vya mwaka jana bado vinamtosha, na havimtoshi. Hakuna aliyekopa popote.

Mimi zamu yangu ilikuwa nguo. Nilikusanya vipande vya mwisho vya jora moja la kitenge cha buluu chenye ndege wadogo, nikavipanga na kuvipangua mpaka kila mtu akapata. Mashati ya wanaume hayakutimia mikono, nikatia mikono ya kitambaa cheupe. Baadaye watu waliniuliza mtindo ule nimeutoa wapi. Niliwaambia ni wangu.

Christella ndiye aliyepiga simu kule bustanini kuuliza mambo, kwa ile sauti yake ya ofisini. Chakula cha nje hakiruhusiwi, kwa hiyo tupange kula kabla ya kuingia. Na kundi la watu kumi lina bei yake, ambayo iko chini kuliko watu tisa kulipa mmoja mmoja. Sisi tulikuwa tisa. Mama akasema tununue ya kumi. Manzi akaanza kutaja majirani wa kumchukua, Mama akamwangalia tu, akaacha kutaja.

Ikabaki siku. Ijumaa haiwezekani, wanaume wana swala. Jumapili Christella na Umutoni wana kanisa, na sisi hatujawahi kumwekea shughuli siku yake ya ibada tangu aolewe. Siku za kazi mimi sifungi, wazazi wote wa Biryogo wanataka sare za shule kabla ya Januari. Tukahesabu mpaka tukaipata Jumamosi baada ya Krismasi. Haikumkera mtu yeyote. Tulijisifu, kaka, tukaona kwamba familia yetu inajua kuheshimiana. Manzi akapata basi dogo la dereva mmoja anayeitwa Mutsinzi kwa bei nzuri mno, tukamlipa kabisa.

Umekaa huko miaka, lakini najua wewe umeshagundua. Sisi watu wazima watano, wote wa hapa hapa, hatukugundua.

Asubuhi ile basi lilifika mapema. Tumejipanga mlangoni, buluu tupu, ndege kila mahali, sufuria ya pilau imefungwa kwa kitambaa. Akapita Gahongayire, mkuu wetu wa mudugudu, mtaa wote uko chini yake, jembe begani. Akatutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mumependeza," akasema. "Sasa iyo ni nguo ya umuganda?"

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa. Tulikuwa tumeepuka ibada ya kila mtu, tukasahau siku ambayo ni ya watu wote. Hakuna gari linalotembea wala duka linalofunguliwa mpaka umuganda uishe na mkutano wake uishe. Manzi alikaa kwenye ngazi ya basi akashika kichwa. Mutsinzi naye alikuwa anacheka peke yake, maana alichukua pesa zetu bila kuitazama kalenda.

Manzi akanong'ona kwamba bado ni mapema, tukiondoka sasa hivi tunaweza kupita kabla barabara hazijafungwa. Mutsinzi akasema akienda mbio inawezekana. Watoto wakamtazama bibi yao. Mama akasema, "Jina la Mugenzi hatulipeleke kwa kukimbia majirani. Mulete jembe." Mbio zikaishia hapo.

Kubadili nguo wote na kuvaa tena kungetumaliza, basi nikawaamuru wanaume na watoto wageuze mashati, ndani yawe nje. Wanawake tulijifunga kanga juu. Tukashuka hivyo kwenye mfereji wa maji ya mvua nyuma ya uchochoro wa mafundi, tope mpaka kwenye vifundo. Unajua mafundi wenzangu wana macho. Walikuwa wanachimba huku wanapekua mishono yangu ya ndani migongoni mwa watu, na hakuna aliyepata uzi unaoning'inia. Mzee mmoja alimgeuza Munyakazi kabisa akamkagua kwapa, akatikisa kichwa, akarudi kwenye koleo lake. Nimeshona miaka mingi lakini sijapata kusifiwa vile.

Mutsinzi alivua viatu akachimba nasi. Kwenye mkutano, watu walipoanza kuinua mikono kusema hili na lile, Mama akasimama. Akawaambia wazungumze yaliyo ya lazima, kwa sababu mwanawe Mugenzi wa Ulaya anatembeza familia yake leo na gari linasubiri. Alisema hivyo mbele ya mudugudu mzima, kichwa juu. Watu wakacheka, na nakuambia hatujawahi kuwa na mkutano mfupi namna ile.

Tulikula pilau palepale barazani, Mutsinzi pamoja nasi. Manzi akaanza kumwuliza kwa woga tutaongeza kiasi gani, maana saa tulizolipia zilikuwa zimekwisha. Mutsinzi akajibu, "Saa ya umuganda haihesabiwe. Ata mimi nilikuwa kwa kazi." Tukageuza mashati upande wake mzuri tukaondoka.

Kule ndani, kaka, tulipendeza. Watu walidhani sisi ni kwaya, mama mmoja akamwuliza Christella tunaimba saa ngapi. Watoto walipanda vijigari vya kugongana mpaka Munyakazi akapigwa goti. Soda tulinunua moja kwa watu wawili, na hakuna mtoto aliyelalamika. Wanaotoka kwenye magari makubwa walitutazama sisi, sisi hatukuwa na muda wa kuwatazama.

Mama alisema hapandi gurudumu. Alisema hivyo mpaka tulipofika kwenye foleni, kisha akamkabidhi Christella mkoba wake akaingia na Shami. Nilimtazama anapanda, amekaa wima kama yuko msikitini, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umemshika mtoto. Gurudumu lilisimama yeye akiwa juu kabisa, wengine wakishuka huku chini. Aliposhuka nikamwuliza ameona nini. Akasema, "Niliona ndege inashuka Kanombe." Akajifunga kanga yake vizuri. "Siyo ile."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Oktoba ametaja ndege, na mimi nilikwenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wakati wa kurudi Shami alilala mapajani mwangu. Kabla ya kulala aliniambia mjomba ana bustani nzuri. Sikumsahihisha, acha iwe yako. Na habari yake nyingine ni kwamba amefaulu, amekuwa wa pili darasani kwake. Wa kwanza ni yule yule wa kila mwaka, mwenye miwani.

Sasa la getini, ambalo nimelibakiza makusudi. Tulipofika mlangoni, kijana wa tiketi alituhesabu, akatuhesabu tena. Ana tiketi kumi mkononi na mbele yake vichwa tisa. Manzi, kwa shukrani zake za mfereji, akasema basi Mutsinzi aingie. Mutsinzi mwenyewe akakataa, akasema yeye usingizi wake uko kwa gari. Yule kijana akauliza, "Wa kumi iko wapi?"

Mama alijibu kabla yetu sote. "Iko njiani. Anatoka mbali."

Kijana alimtazama Mama, akatazama nyuso zetu, sijui aliona nini. Akakata tiketi tisa. Ile ya kumi akamrudishia nzima nzima. Akamwambia, kama anavyomwita bibi yake, "Akifika aje nayo, mukecuru." Mama aliikunja ndani ya leso yake, na ililala chini ya mto wake mpaka leo asubuhi aliponipa niitie humu. Ikunjue sasa. Ni hiyo ya buluu.

Kaka, niseme bila kuzunguka. Miaka yote umetulipia Idi, umelipia dawa za Mama, cherehani ninayoitumia ni jasho lako. Hatujasahau hata siku moja. Lakini umetuzoea kama watu wa kupokea, ukafikiri kwamba ukija bila mabegi hatutajua pa kukuweka. Tazama mwaka huu: ahadi uliyoshindwa kuibeba tumeibeba sisi, na hakuna aliyevunjika mgongo. Nauli utajikusanyia polepole, nasi tutakusanya huku. Zawadi acha. Ukitokea Kanombe na koti lako peke yake, mimi nitakushonea shati la ndege wadogo, ila itabidi nikupime upya, vipimo vya zamani sivitegemei.

Munyakazi anakusalimu na anataka kujua kama huko vipuri vya pikipiki ni rahisi. Manzi anakusalimu. Christella anasema anakuombea kila Jumapili, na kwamba ukifika umpigie simu kabla, asafishe nyumba. Shami na wadogo zake wanakusalimu, Umutoni anakutumia meno yake. Hata Gahongayire ameniambia nikusalimu, na kwamba jembe lako lipo. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na kwenye baridi, auponye mgongo wako, akupe riziki yenye utulivu na akufungulie njia ya nyumbani.

Itunze tiketi hiyo, usiiweke kwenye suruali utakayofua. Mama amemwambia mtu wa watu kwamba uko njiani. Katika uzee wake wote hajawahi kusema uongo, kaka. Usimfanye aanze sasa.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,

Uwineza Zaituni