Hata Kama Mwenyekiti Ana Haraka

Mpendwa binti yangu, Mama,

Nakuita Mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na pia kwa kuwa ulianza kunigombeza mapema sana. Sisi hapa Kitengela tuko salama. Natumai kazi ya uwakili huko Loitokitok haikusahaulishi kula. Mlima unaouona kila asubuhi ni mzuri, lakini haushibishi mtu.

Nimekabidhi kile kitabu cha mazoezi. Unakikumbuka? Ulikuwa darasa la sita. Majirani tulikuwa tumechimba kisima pamoja, na kule ofisini Kajiado tukaambiwa kikundi hakisajiliwi bila katiba. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya mdomo wangu. Wewe ukawa karani kwa sababu mwandiko wangu hata mimi mwenyewe hunishinda kusoma.

Nikawa natembea sebuleni, mikono nyuma kama jaji, nikikusomea vipengele: kisima kisipewe mtu yeyote bila kura ya wanachama, kwa mkutano uliotangazwa wiki mbili mbele. Ukainua kalamu.

“Baba, na kama mwenyekiti ana haraka?”

“Andika: hata kama mwenyekiti ana haraka.”

Siku hiyo nilijiona nina akili, mpaka nikaongezewa chai.

Miaka ikapita, ukaenda kusomea sheria. Kiangazi kikatubana na pampu ikakufa. Mwenye boza, lile lori la tangi la kuuza maji, akaniambia atatuletea pampu mpya, bora achote maji yetu miaka miwili. Alinieleza hayo mbele ya mbavu za mbuzi, pale barabara ya Namanga, na kabla mifupa haijapoa nilikuwa nimeshasaini. Nikaita mkutano ili nipongezwe. Kweli, nilikuwa nimenyoa ndevu.

Wewe ulikuwa likizo, umekuja kumwakilisha mama yako. Ukasimama. Hukuniita Baba.

“Mwenyekiti, umesaini kinyume cha katiba.”

Kiti kilinichoma. Mzee Lemayian, jirani yetu wa upande wa malisho, akaruka juu na fimbo yake.

“Wewe msichana! Unaita baba yako mwizi?”

“Hapana, Mzee. Mwizi ni neno lingine, na kesi yake ni nyingine. Hata sijasema pampu ni mbaya. Tunaihitaji. Nasema yeye hakuwa na ruhusa ya kutoa kisima peke yake. Mtu anaweza kufanya jambo zuri kinyume cha katiba. Tukinyamaza leo kwa sababu ni zuri, kesho atakuja mwingine na baya, na hatutakuwa na la kumwambia.”

“Na hiyo sheria nani aliandikisha?”

“Yeye mwenyewe.” Ukafungua kitabu, ukasoma mpaka pale pa haraka. Watu walicheka mpaka ng'ombe wa Mzee wakageuka kutuangalia.

Siku tatu sikuongea na wewe. Nilikunywa chai nikiangalia ukuta, nao ukuta haukunitetea. Siku ya nne nikaenda kwa mwenye boza, nikamwambia sahihi yangu haikuwa na nguvu, kwa sababu nguvu hiyo sikupewa. Wiki mbili tulitegemea maji yaliyobebwa na punda, na majirani hawakukosa kunikumbusha. Kisha tukapiga kura. Wanachama walikubali, lakini wakaweka sharti: boza lichote baada ya nyumba zetu kujaza matangi. Jambo hilo mimi na mbavu zangu hatukulifikiria.

Sasa sikia ya Jumamosi. Kipindi changu cha pili cha miaka saba kimeisha, na katiba inasema viwili vinatosha. Nikasimama kuaga. Mtu akapaza sauti, “Aongezewe!” Makofi yakafuata. Mama, sitakudanganya, yalikuwa matamu. Nilijipa muda nikikohoa kikohozi ambacho sikuwa nacho. Nikatazama pale uliposimama siku ile. Hapakuwa na mtu.

“Asanteni,” nikasema, “lakini nikiongeza hata siku moja, nitakuwa nimekaa hapa kinyume cha katiba.”

“Lakini si ni sisi tunakutaka?” Mzee Lemayian akauliza.

“Hata kama mnanitaka, Mzee.”

Akacheka. “Hiyo maneno ni ya yule msichana wako.”

“Ni yake. Alinifundishia hapa hapa, mbele yenu.”

Nikampa mwenyekiti mpya funguo za pampu, pamoja na kitabu chako chenye mwandiko wa darasa la sita. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na sijawahi kujiona mkubwa hivyo. Watu huniambia nimekulea vizuri. Mimi huwa nabadilisha mazungumzo, maana wakichunguza wataona ni nani alimlea mwenzake.

Kula vizuri. Na ukija nyumbani, tafadhali usiniite Mwenyekiti tena. Nimebaki na cheo kimoja tu, na hicho hakina vipindi.

Ni mimi,
Baba yako