Njia Mbili za Kuvaa Nyota

Minjila, Garsen
9 Agosti

Kwa kaka yangu mpendwa Adan,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko kambini, wewe na wenzako wote. Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa, ila bado hakubali kupumzika. Maji ya mto yamerudi nyuma na ng'ombe wamepata malisho. Nampa mwenzako Jarso barua hii kwa kuwa likizo yake inaisha kesho, na simu yako haipatikani. Hata ingepatikana, haya nisingeweza kukwambia kwa mdomo.

Kaka, nimechanganyikiwa. Nimeitwa pande mbili. Chuo kikuu kimenipa nafasi ya uhandisi, miaka mitano. Chuo cha maafisa kule Nakuru nacho kinaniita niwe kadeti, mwanafunzi wa uafisa, niripoti tarehe 25.

Mwalimu Florence, aliyenifundisha hesabu, anasema nisome kwanza. Mwenye digrii huingia jeshini akiwa afisa mtaalamu, mafunzo yake ni ya miezi tu, na akitoka ana kazi mkononi. Nilikubaliana naye hadi nilipomuuliza Jarso. Yeye alisema kadeti aliyelelewa na jeshi tangu mwanzo ndiye anayewajua askari, na ndiye anayepanda hadi juu. Nikakubaliana naye pia. Kesho yake akasema angekuwa na alama zangu angekwenda chuo kikuu. Mshauri gani huyo?

Baba hakuwa na shaka hata kidogo, alitaka Nakuru. Alishaanza kuniita afande mbele ya wageni, kisha ananituma chai.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Nimemdanganya baba. Nimemwambia jina langu limeondolewa kwenye orodha ya makadeti. Alikwenda zizini akakaa huko hadi magharibi. Barua yenyewe nimeificha chini ya nguo zangu.

Siogopi mazoezi. Nikipitia Nakuru, baada ya miaka mitatu nitakuwa na nyota begani, na wewe bado koplo, maana mkataba wako umebakiza miaka minne. Mimi huinuka mkekani nikisikia umefika. Mimi ndiye ninayekunawisha mikono kabla hujala. Ulikwenda ukuruta badala ya kurudia mtihani ili mimi nibaki shuleni. Leo usimame wima mbele yangu unipigie saluti? Naona aibu hata kuiandika. Nikipitia chuo kikuu, wewe utakuwa umeshatoka jeshini.

Lakini kila siku naitoa ile barua ya Nakuru naisoma tena. Naitaka, kaka, kuliko ile nyingine.

Tafuta mahali penye mtandao unipigie kabla ya tarehe 25. Niambie kama utaweza kunipigia saluti. Usinijibu kama kaka anayemfurahisha mdogo wake, nijibu kama koplo.

Mama anakusalimu sana na kukuombea. Baba pia anakusalimu, anadhani nakuandikia habari za ng'ombe.

Ni mimi mdogo wako,
Abdia Huka