Nyuma Nilikaza

Msamvu, Morogoro
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Hashimu,

Shikamoo, kaka. Vipi afya, vipi joto la Maskati? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limepata nafuu. Juzi kapanda mwenyewe hadi shambani Bigwa, akarudi na ndizi na maneno mengi. Anasema kwenye picha umekonda.

Masika yametuacha na milima sasa inaonekana asubuhi. Lakini naona nazungukazunguka tu. Kwenye simu nimejaribu mara nyingi, kila mara naishia kuulizia hilo joto lenu. Bora niandike.

Kaka, mwanao Mwanaheri hana kosa. Gari nililiharibu mimi.

Kabla ya zile mbio za magari za kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, kule shamba la mkonge, ulinitumia ujumbe wa sauti: "Mwinjuma, nyuma legeza kidogo." Nilicheka. Mimi ni fundi wa malori ya kabichi za Mgeta. Mzigo ukiwa nyuma, unaongeza jani la springi, unakaza, basi. Na gari lako injini imekaa nyuma ya viti, nikasema mzigo si ndio huo? Halafu neno lenyewe, kulegeza! Hapa gereji anayelegeza vitu anafukuzwa. Nikashika skrubu za kuongeza ugumu wa shokapu za nyuma, nikakaza mpaka zikagoma. Nikamkabidhi Mwanaheri ufunguo huku natamba, "Hili sasa gumu, mwanangu!"

Kona ya kwanza alipita. Ya pili, alipoachia pedali ya mafuta tu, nyuma ikateleza ikataka kumtangulia, gari likazunguka na kupiga tuta la udongo. Mkono wake ukateguka. Watu wakaanza, mtoto wa kike na mbio wapi na wapi. Nilikuwepo, kaka, nikanyamaza. Hata ulipompigia ukamfokea, nilikuwa nimekaa pembeni yake natazama viatu vyangu. Naona aibu hata kuandika.

Sasa hataki kusikia habari za gari. Kofia yake ya mbio Mama anawekea mayai. Na yule mnunuzi wako wa Gairo anakuja kulichukua mwisho wa mwezi.

Nimeshanyoosha bodi, nikalegeza nyuma kama ulivyosema, nikalijaribu mwenyewe kiwanjani. Loo! Linaingia kona limetulia, kumbe nyuma ikikazwa sana tairi hazishiki chini, nikabaki najitukana peke yangu.

Nikaenda kumwambia Mwanaheri kila kitu. Unajua alinijibu nini? "Baba mdogo, acha kunifariji. Wewe huwezi kukosea gari." Nikaapa mbele ya Mama, hakuamini. Nikalia, akanifuta machozi yeye, kwa ule mkono wenye bandeji.

Ujumbe wako ule mimi niliufuta. Kama kwako bado upo, mtumie ausikie. Usiuze gari, kaka, tafadhali. Na kama ni kufoka, nifokee mimi.

Mke wangu Faraja anakusalimu. Yeye ndiye aliyenikalisha niandike. Msalimie Shemeji Maimuna, mwambie mkono wa binti yake unapona. Mwenyezi Mungu akujalie moyo mpana siku utakayoisoma barua hii, akurudishe nyumbani salama.

Mdogo wako akupendaye, uliyemwambia alegeze,

Mwinjuma