Ulivyokaa Mlangoni na Mjukuu Wetu

Mpendwa Mama Nkwimba,

Nina miaka sabini na nane. Nimeiona njaa ikija na kuondoka, nimezika wenyeviti watatu wa ushirika, na ushirika wenyewe nimeuona ukiporwa pamba na wanunuzi wenye malori yao. Nimekuzika na wewe, uliyesema utanizika mimi. Naandika kwa mkono wangu. Elimu ya watu wazima nilikuwa wa kwanza, hilo hata wewe hukulibisha.

Unakumbuka ulivyokuwa unamwogesha Jilala wa binti yetu, ana miaka mitano, mkojo ukaenda pembeni ukakulowesha bega? Ukaniita nione. Uume wake ulipinda chini tangu kuzaliwa. Nikasema ukoo wangu hauna kitu kilichopinda, hicho ni cha kwenu Lalago. Ulisema tu kwamba mtoto anajificha nyuma ya zizi akitaka kukojoa, wenzake wasimwone.

Siku zile kila mtu alikuwa ameruhusiwa kufungua biashara yake. Muuza dawa mmoja, kafungua chumba karibu na mnada, akaniambia atamtahiri tu na utanyooka wenyewe. Nikasema kesho namleta. Unajua mimi nikishasema.

Asubuhi nikakukuta umekaa katikati ya mlango wa ua, mtoto umemfunga kwa kanga kifuani, dada yako Holo nyuma yako. Nikakuamuru upishe. Ukasema taratibu:

"Baba Nkwimba, maksai wako akichechemea unamwita bwana mifugo. Mjukuu wangu unampeleka kwa muuza vidonge?"

Holo akacheka. Nikabeba jembe, nikaenda shamba. Kurudi, mmeshapanda lori la pamba, mmekwenda hospitali Mwanza.

Nilikuja siku ya nne, baiskeli mpaka Maswa bila kushuka hata mlimani, kijana gani wa leo anaweza, kisha basi mpaka Mwanza. Nilikuja kugomba. Nikamkuta Jilala amefungwa bendeji, wewe unampepea. Daktari akaeleza kwamba chini kulikuwa na nyama ngumu inayovuta, ameikata, na pengo ameliziba kwa ngozi ya mbele, ile inayoondolewa kwenye tohara.

"Mngekuwa mmeshamtahiri," akasema, "ngozi hiyo ningeitoa wapi?"

Nikakutazama. Mke mwingine angenimaliza palepale. Wewe ukanisogezea kiti, ukaniuliza kama nimekula.

Nami nikarudi kijijini nikatangaza kuwa niliyempeleka ni mimi. Miaka yote ulikuwa unanisikia, unaendelea kuchambua mboga.

Jilala sasa amenizidi urefu. Juzi ameniuliza, "Guku, babu yangu, hospitali ulinipeleka wewe, si ndiyo?" Nikafungua mdomo nijisifu kama siku zote. Badala yake nikamwambia ni bibi yake, mimi nilikuwa upande wa muuza dawa na kisu chake. Akauliza mbona bibi hakusema. Nakuuliza na mimi, Mama Nkwimba.

Pumzika. Anayebisha haya amuulize Holo, yupo Lalago, akili yake nzima. Amuulize na dereva wa lile lori, mzee Sayi. Hao wawili wamenikanusha miaka yote mbele za watu. Safari hii watasema kama mimi.

Mume wako,
Baba Nkwimba